Panga Moja, Sekunde Sita

Mjomba wangu hakuwa na neno na zimwi. Zimwi la vichwa saba, linalotema moto na kuishi kwenye mashimo ya zamani ya kaolini kule Pugu, alilipokea kama habari ya jirani mpya: akauliza linakula nini. Alisahihisha kuhusu popo tu. Popo wa mle, alisema, wanatoka magharibi, si saa sita mchana. Kilichomchefua ni panga.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwangu Kibaha, Maili Moja. Mdogo wangu, mwanachuo, alirudi likizo na dadu yenye pande 20, akashikilia kutufundisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa kule Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine mnasema mnafanya nini, dadu inaamua kama mmeweza. Mjomba alikuwa ameniletea mihogo kutoka Kisarawe, kwa daladala tatu: Gongo la Mboto, Mbezi, kisha huku. Tukamkaribisha mkekani, tukampa panga la kufikirika na pointi 12 za uhai.

"Kwenye zamu yako unapiga mara moja," mdogo wangu akaeleza. "Zamu moja ni sekunde sita."

"Panga moja kwa sekunde sita? Huyo anapigana au anapalilia?"

Mdogo wangu, akidhani anaokoa jahazi, akasema kuna matoleo ya zamani ambayo zamu moja ilihesabiwa dakika nzima.

"Dakika!" Mjomba akanigeukia mimi. "Dakika moja mimi nafyeka hapa mpaka chooni kwa jirani."

Tukapita hapo kwa shida, tukakwama kwenye majeraha. Sheria inasema mkilala saa nane, uhai wote unarudi.

"Saa nane ya usiku au ya mchana?"

"Si saa nane hiyo, Mjomba. Muda wa saa nane."

"Yaani mtu kachanwa na zimwi tumbo zima, analala, asubuhi anaomba chai?"

Mimi nilijichagulia mganga mwenye hirizi ya kugeuza mishale kuwa maji. Mjomba akavua miwani. Akatukumbusha Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ili risasi za Wajerumani zigeuke maji nazo. Wajerumani wakamnyonga Agosti 1905, na risasi zikaendelea kuwa risasi. Hirizi yangu ikafutwa papo hapo, kwa hoja ya historia. Zamu tatu baadaye, zimwi lilipombana yeye kwenye kona ya pango, akauliza kwa sauti ya chini kama ile hirizi bado ipo, na kama inaazimika.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba uhalisia hudaiwa na anayechapwa. Sijasikia mtu aliyepata 20 kwenye dadu akiuliza kama jambo hilo linawezekana kweli.

Ila Mjomba hakutaka falsafa, alitaka kupima. Tukatoka uani. Mdogo wangu akashika simu ahesabu sekunde. Mimi nikapewa mfuniko wa sufuria la wali uwe ngao. Mjomba akachukua panga langu la bustani, tukalizungushia kitambaa kwa usalama. Kitambaa hicho, nimekuja kujua, hakionekani kutoka ng'ambo ya ukuta. Jirani alipochungulia aliona mzee anashusha panga, mimi nimejikunyata nyuma ya mfuniko, na kijana anarekodi.

Alipiga ukunga ambao haukuhitaji dadu. Uani wakajaa watu, na mjumbe nyuma yao, shati halijafungwa vifungo.

"Ugomvi wa nini?"

"Wa zimwi," mdogo wangu akajibu.

"Zimwi gani?"

"La Pugu," akasema Mjomba, mkono kiunoni, maana pigo la nne lilikuwa limemkaza mgongo. "Lakini shida si zimwi, mjumbe. Shida ni sekunde."

Mjumbe alitutazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mke wangu, aliyekuwa amechukua mfuniko na kuugeuza geuza. Ulibonyea upande mmoja, na wali wa siku ile uliiva upande mmoja.

Watu walipotawanyika, Mjomba akadai haki yake: mapigo manne kwa zamu, mashahidi wapo, kijiji kizima. Mdogo wangu akakubali bila ubishi. Akaandika. Kisha akasema kwamba kwa kanuni hiyohiyo, zimwi nalo litapiga mara nne kwa kila kichwa, na vichwa ni saba.

Mjomba akahesabu kwa vidole mpaka vikaisha.

"Basi," akasema. "Moja moja."

Jioni tulimpandisha gari akiwa amejipinda kama komeo. Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, simu ikaita.

"Mjomba, mwambie mdogo wako nimelala saa tatu kamili. Sasa hivi ni saa kumi na moja. Hesabu mwenyewe, ni saa nane hizo."

"Umeamkaje, Mjomba?"

"Kiuno kiko palepale."