Wakili Kima na Vipande vya Dakika 6

Hakuna mnyama wa pwani asiyeijua kesi iliyompa Kima jina. Papa alimbeba mgongoni hadi katikati ya bahari, ndipo akamwambia kwamba sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakuomba. Alitoa hoja moja tu: sisi kima tukisafiri, moyo tunauacha mtini. Papa akageuza safari, Kima akaurukia mkuyu wake, na wiki haijaisha Fisi alikuwa chini ya mti huo, barua ya ajira mdomoni.

Fisi alikuwa na ofisi kubwa ya mawakili. Humo saa moja ilikatwa vipande kumi, kila kipande dakika 6, na kila kipande kilitafutiwa mteja wa kukilipa. Kusoma barua ya Ngiri, kipande. Kumjibu Ngiri kwamba barua yake imesomwa, kipande kingine. Chafya haikuwa na mteja, kwa hiyo mawakili walijifunza kuibana. Kila shauri liliingia chini ya hati ya dharura, hata la Konokono aliyedai kuzibiwa njia. Saa nane usiku simu ilikuwa ikicheka: "Wakili msomi, bado uko macho? Safi sana!"

Siku moja Kima aliomba ruhusa akamwone binti yake akiruka tawi kwa mara ya kwanza. Fisi akafungua jalada la zamani.

"Wakili msomi, si wewe uliyesema moyo huachwa mtini? Papa alikubali. Leo unataka kuikana hoja yako mwenyewe?"

Kima, aliyezoea kuwafunga wenzake kwa maneno yao, alitafuta jibu akalikosa. Tawi likarukwa bila yeye. Mwaka uliofuata mikono ilianza kumtetemeka kila simu ikilia, akaandika barua ya kuacha kazi. Fisi alimfanyia hafla ya kumuaga, na wateja watatu wakatozwa muda wa hotuba.

Wanyama wakadhani mambo yamekwisha. Wapi! Asubuhi ya kwanza Kima alibandika ratiba kwenye shina la mkuyu: kuota jua, vipande vitatu, kucheza na mtoto, vitano, kumsikiliza mke, viwili. Mkewe alikuwa akimchambua chawa mgongoni huku akimsimulia harusi ya Ngedere, na alipofika kwenye ugomvi wa mahari Kima akamkatiza.

"Mama Tunu, nina pingamizi la awali. Habari hii haina tarehe wala shahidi."

Mama Tunu alimtoa chawa mmoja, akamtazama, akamrudisha palepale alipomtoa. Kisha akahamia tawi la juu.

Kima akaenda kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifundishe utulivu."

"Utulivu gani? Mimi nina miguu mifupi tu." Kobe akatafuna jani. "Ila nina kesi ya mpaka na Nungunungu. Unaweza kunisaidia?"

"Unaitaka lini?"

"Ukipata nafasi."

Maneno hayo Kima hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mteja. Aliichukua kesi, akapima mpaka, akawaketisha wawili hao chini ya mwembe, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamepatana. Akarudi nyumbani akipiga mluzi. Kumbe sheria yenyewe hakuwahi kuichukia. Kwa Fisi hakuwa akiuza sheria, alikuwa akiuza siku zake, na shauri lililovutwa miaka ndilo lililonona.

Akafungua ofisi chini ya mkuyu. Ada ikawa kwa shauri zima, si kwa dakika, na tangu hapo shauri refu likawa hasara yake mwenyewe, akajifunza kupatanisha. Mlango ukafunguliwa saa moja asubuhi, ukafungwa adhuhuri. Wateja walinung'unika. Wengine walihama. Waliobaki waligundua kwamba dharura nyingi zikilala usiku mmoja huamka zimepungua. Mapato nayo yalipungua, Mama Tunu akayahesabu, akaona yanatosha maembe, akashuka kutoka tawi la juu.

Jioni moja, saa moja kamili, Fisi alifika akihema.

"Wakili msomi, nimeshitakiwa! Ni dharura!"

"Mashitaka yalifunguliwa lini?" Kima aliuliza kutoka juu, Tunu akining'inia mkiani mwake.

"Mwaka jana."

"Basi njoo kesho asubuhi."

"Nitakulipa kila kipande mara tatu!"

"Hapa hatuuzi vipande, Bwana Fisi."

Fisi akaketi kusubiri na, kwa mazoea, akaanza kuhesabu. Hadi mlango unafunguliwa alikuwa amefikisha vipande 120, akageuka huku na huku kutafuta wa kumtoza.