Pilau Yetu ya Maziwe

Video imekwishafika Muscat. Shemeji yangu wa huko, ambaye salamu zake huja Idi hadi Idi, safari hii hakuingoja Idi. Alinipigia usiku, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama pilau ya siku ile ilikuwa na haja ya kutiwa chumvi.

Kwa msiokuwemo kwenye kundi la familia, mshukuruni Mungu. Video inamwonyesha mwanamke mtu mzima, kajifunga kanga mbili, kasimama katikati ya Bahari ya Hindi, mkono mmoja kashika sufuria na wa pili mwiko, anamgombeza nahodha. Nchi kavu haionekani upande wowote. Anayepiga picha ni mjukuu wangu wa damu, yumo ndani ya mashua, na sauti yake inasikika vizuri kabisa: “Bibi, njoo basi!” Yule mwanamke anamjibu bila hata kugeuka, “Saa nane bado!”

Sasa kabla hamjaendelea kucheka, naomba jambo moja liandikwe. Hesabu yangu ya maji ilikuwa sahihi.

Watoto wa siku hizi wakitaka habari za bahari hutazama simu. Sisi wa Pangani tulitazama mwezi, na mwezi hauishiwi chaji. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushee, na huo ushee ndio mambo yote. Mwezi haukai pale pale kutungoja. Dunia ikimaliza kujizungusha, mwezi umekwisha kusogea, kwa hiyo dunia inaongeza dakika kama 50 hivi ndipo iufikie. Basi maji ya leo yakijaa saa kumi, ya kesho yatajaa saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na keshokutwa yatachelewa tena vivyo hivyo, mpaka zikitimia kama wiki mbili yamerudi saa kumi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo ndipo penye bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, na sisi tunapata maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi na kishindo. Tena bamvua yenyewe haishiki siku ile ile ya mwezi mpevu. Bahari ni nzito, haikurupuki. Huchelewa siku moja au mbili. Na za Machi na Septemba ndizo kubwa kupita zote.

Lakini ninalolipenda kuliko yote ni hili: pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa nne na kujaa mnamo saa kumi, mchana na usiku. Ilikuwa hivyo nyanya yangu alipokuwa mwari na itakuwa hivyo vitukuu vyangu vitakapoota mvi. Wanawake wa pweza na chaza walipanga maisha yao yote juu ya saa hizo. Bamvua ni kazi, maji mafu ni harusi. Nani kaolewa siku ya bamvua? Wapishi wote wako mwambani.

Mimi nikieleza mambo haya husisimka mwili. Wajukuu wangu husinzia.

Siku ile basi ilikuwa mwezi kumi na sita. Nikiwa bado Dar es Salaam, kitandani, nilikwisha kupiga hesabu kwa vidole: maji yatapwa kabisa saa tano kasorobo asubuhi na kujaa saa kumi na moja kasorobo jioni. Nahodha alipofungua kijitabu chake cha maji pale ufukweni alikuta hivyo hivyo. Akaguna. Mkwe wangu ni shahidi.

Kisiwa ndicho kilichoharibu mambo.

Maziwe niliyoijua mimi ilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje mirefu ambayo upepo ukipita ilivuma hata ukinong’onezwa husikii. Idi pili familia nzima ilivuka. Wanaume walibeba kuni na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa, wanawake masufuria, watoto kelele. Pilau ilipikwa kivulini na kuliwa saa nane, baada ya watu kuswali adhuhuri, si kabla. Ukishakula ulilala juu ya majani makavu ya mvinje, na maji ya jioni yalipojaa vizuri mashua ilirudi na kuingia mlango wa mto bila kugusa mchanga. Bamvua ilipokuwa kubwa sana, maji yalifika kwenye mizizi ya mivinje ya mbele, yakalowesha kandambili za mtu mzembe, yakarudi. Ndiyo Maziwe niliyowahadithia wajukuu tangu wakinyonya.

Habari za mivinje nilizisikia, sikatai. Pangani nimerudi mara nyingi, ila kwa misiba, na mtu wa msibani hapandi mashua. Hukohuko mkekani niliambiwa kwamba kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Hawa wakilaumu mashoka, hawa wakilaumu bahari, ubishi ukaendelea mpaka chai ikaletwa. Ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba mvinje ulipoondoka uliondoka na kisiwa. Mizizi ndiyo iliyoushika ule mchanga. Ilipokosekana, kusi likawa linausukuma huku na kaskazi linausukuma kule, na kilichobaki leo ni fungu, jeupe, tupu, kama sinia lililosahauliwa uani. Maji yakipwa linaonekana. Yakijaa, samaki wanapita juu yake.

Tulishuka saa nne na nusu. Mjukuu wangu mdogo alizunguka kisiwa chote, kazi iliyomchukua muda mfupi sana, akarudi.

“Bibi, miti iko wapi?”

Nikamtuma akachote maji ya kuoshea vyombo.

Nahodha alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi. Kule mjini alikwisha kunivalisha jaketi la kujiokolea, rangi ya chungwa, akanifunga mikanda kifuani huku akiniambia, “Usiogope, mama, utazoea tu bahari.” Mimi! Sasa akanijia taratibu, kofia mkononi.

“Bi mkubwa, hapa mwisho wetu saa saba.”

“Mwanangu, maji yanajaa saa kumi na moja kasorobo.”

“Ni kweli, Bi mkubwa. Lakini fungu linaondoka saa saba na robo.”

“Linaondoka linakwenda wapi?”

Akafikiri. “Lenyewe linabaki, Bi mkubwa. Tunaoondoka ni sisi.”

Nikamwambia pilau ya Maziwe huliwa saa nane.

Mtu yeyote aliyewahi kupika anajua kwamba pilau haiagizwi kuwahi. Nyama ichemke, kitunguu kikaangwe mpaka kiwe rangi ya kahawia iliyokolea, maana hapo ndipo pilau inapopata sura, viungo vitiwe, mchele ukaukie, halafu uweke mkaa juu ya mfuniko uipalie. Kupalia ndiko kunakotenganisha pilau na wali wenye masizi. Upepo nao ulikuwa unapuliza mchanga, binti yangu kasimama na kanga kuukinga, mkwe wangu kainamia jiko machozi yakimtoka, na mimi nazunguka sufuria nikitoa amri. Saa saba kasorobo ndipo nikaweka mkaa juu.

Hapa inabidi niwaeleze jambo jingine, na si kwa kujitetea. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita, saa ya kwanza huja kwa kunyata, ya pili yanachangamka, ya tatu na ya nne yanakimbia, kisha yanapoa tena. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili hizo za katikati. Pigeni hesabu wenyewe: ukiondoka na saa tano kasorobo, saa ya tatu inaanza lini? Inaanza saa saba kasorobo, dakika ile ile mkaa wangu unashika.

Na kwenye fungu maji hayaji kutoka mbele ukayaona. Yanakuja kutoka pande zote na kukutana katikati, na katikati ndipo ulipo mkeka. Mkeka ulitangulia. Likafuata bakuli la kachumbari, likaelea vizuri sana kuelekea Zanzibar, pilipili nzima ikiwa katikati yake. Binti yangu akasema, “Mama, tafadhali.” Mkwe wangu akabeba watoto wawili wawili kupeleka mashuani. Kisha wimbi dogo, wala si wimbi la kutajwa, likafika kwenye jiko, mkaa ukazima kwa mlio mrefu, na mvuke ukapanda mpaka miwani yangu ikawa nyeupe. Nikaiinua sufuria. Sasa mlitaka niiache?

Mashua ya watalii ilikuwa inapita, ikapunguza mwendo. Walipiga makofi. Sijui walielezwa nini. Labda kwamba ni mila.

Saa nane kamili, maji yakiwa kiunoni, nilikula tonge langu la kwanza. Ilikuwa imeiva. Sehemu ya juu ilikuwa imepaliwa kama inavyotakiwa, nyama laini, na hakuna hata tone la maji ya bahari lililoingia, shemeji yangu wa Muscat apelekewe habari hiyo. Kisha nikapandishwa mashuani kwa namna ambayo video haikuionyesha, kwa sababu mpiga picha alikuwa anacheka na simu ilimwelekea angani.

Njiani kurudi nahodha, kwa nia njema, akatusimulia habari za kasa. Zamani Maziwe ilikuwa mahali pao pakubwa pa kutagia, na mpaka leo wanakuja. Kasa jike anaweza kukaa baharini miaka 20 au 30 kabla ya kukomaa, kisha akarudi kutaga kwenye pwani za pale alipoanguliwa. Anapanda usiku, anachimba, anataga, anafukia, anaondoka, hajui kwamba mahali alipofukia patafunikwa na maji, na yai la kasa lililozama halianguliwi. Kwa hiyo wapo watu wanaoyahamisha yale mayai kwa uangalifu na kuyafukia upya ufukweni bara, yakae kama miezi miwili mpaka vitoto vitoke. Nilisikiliza kwa makini. Kasa anarudi kwao akikuta kwao kumezama, anapewa watu wa kumbebea watoto wake. Mimi nimepewa jaketi na risiti.

Mengine ya safari ile yalikuwa madogo. Gari lilizimika juu ya kivuko cha kwenda Bweni, likasukumwa na abiria wote wakiimba. Kijana mmoja wa kutembeza wageni alituonyesha banda la mbuzi la marehemu mjomba wangu akisema ndilo gereza la watumwa, akatoza pesa, na nikalipa, kwa sababu alilieleza vizuri kuliko mjomba. Sokoni mwanamke niliyekaa naye dawati moja aliniamkia shikamoo.

Lakini liko moja ambalo silicheki. Kesho yake asubuhi nilitaka kuwapeleka watoto ufukweni kwa miguu, kwa njia tuliyokuwa tukipita kila siku, kati ya minazi, upande wa kaskazini wa mji. Haipo. Pana ukuta, kisha uzio, kisha ukuta mwingine, na penye nafasi kuna geti, na getini kuna mlinzi, kijana wa kwetu kabisa kwa lafudhi, aliyeniuliza tumepanga chumba nambari ngapi. Nikamwambia nilijifunza kuogelea nyuma ya geti lake kabla mama yake hajazaliwa. Akasema anaelewa, bibi, lakini ndivyo alivyoagizwa. Tukarudi, tukazunguka kwa gari, tukafika bahari kwa kupitia uchochoro wa taka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wajukuu niliwaambia wazipime kwa hatua kutoka ukingo wa maji. Walifika ukutani hata pumzi haijawabadilika. Kisiwa kumezwa na bahari, hilo nalivumilia. Bahari ina hesabu zake, na nimezieleza hapo juu kwa kirefu. Ukuta hauna mwezi. Haupwi. Mvuvi anayetembea mwendo wa saa nzima na mtego begani kuzunguka nyumba ya mtu asiyekuwepo hajui siku ya maji mafu ni ipi. Na mwanamke wa pweza anapoteza nusu ya saa zake za bamvua njiani, saa ambazo haziongezwi na mtu.

Wenye kuta, sikutaka chumba, wala kiti, wala soda. Siwaambii mbomoe. Acheni njia katikati ya kiwanja na kiwanja, mtoto wa mji apite kwenda baharini na kurudi bila kuulizwa jina. Upana wa punda mmoja mwenye mzigo unatosha.