Kila Mlio na Mtabiri Wake

Hakuna mtu katika mji huu asiyejua kinacholiuma gari la mwenzake. La kwake limelala juu ya matofali tangu mvua za mwaka juzi, panya wamezalia kwenye kiti cha nyuma, lakini lako likipita tu mbele ya kibaraza chake ameshatoa hukumu, ametaja spea na duka la kuinunua.

Hilux yangu ni dabo kebini ya zamani, ile yenye ekseli nzima mbele na fowili ya kufunga kwa mkono kwenye habu. Kazi yake ni kubeba mananasi kutoka Kiwangwa kuyaleta Dar es Salaam, na kubeba mashemeji kutoka Dar es Salaam kwenda Kiwangwa kula mananasi. Mwaka huu, masika yalipoisha, ikaanza kuvuma upande wa mbele. Vuuuuu. Kwenye mwendo wa 40 husikii kitu. Ukifika 60 inaanza kunong'ona, ukifika 80 huna budi kupandisha sauti ya redio.

Wataalamu wakajitokeza bila kuitwa. Jirani yangu mstaafu: tairi hizo. Shemeji yangu, ambaye leseni yake ni ya bodaboda: difu ya mbele, inakula meno. Kijana anayeniuzia vocha: "Sivii joint hiyo, mzee wangu. Kuna bosi mmoja ilimkatikia Chalinze usiku." Mke wangu peke yake ndiye hakutaja spea. Alisema, "Baba Neema, breki ukikanyaga mara ya kwanza inazama, ya pili ndiyo inashika." Shemeji akamjibu kwamba breki ni habari nyingine, dada asituchanganyie mada.

Hayo ya mtaani nayasamehe, maoni ni bure. Ugomvi wangu ni na fundi, kwa sababu fundi namlipa.

Wa kwanza ana gereji yenye bango kubwa kuliko paa lake. Alifungua boneti, akaniambia niwashe injini, nipige resi. Gari limesimama! Mlio wa gurudumu unautafutaje wakati gurudumu halizunguki? Akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akatangaza matokeo: "Shokapu mbili, bushi zote, na bolijointi nne, bosi."

"Fundi, gari hili halina bolijointi."

Na kweli halina. Bolijointi za juu na za chini mara nyingi ni za magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea kwa mikono yake. Ekseli nzima ya aina hii hugeuzia gurudumu kwenye beringi ndogo za kingpini, moja juu na moja chini. Fundi akachungulia uvunguni, akakaa kimya kidogo, akainuka akijifuta magoti.

"Ndiyo maana linalia," akasema.

Kinachoniudhi ni kwamba gari halifichi ugonjwa wake. Linaropoka lenyewe, njia nzima, na maswali ya kuliuliza hayahitaji kompyuta. Swali la kwanza: mlio unafuata injini au unafuata mwendo? Ukiwa 80 kwenye barabara tulivu, toa gia, weka nyutro. Nilipojaribu, injini ilishuka, vuuu ikabaki palepale, ikawa inapungua tu kadiri gari lilivyopungua. Injini ikafutiwa kesi.

Swali la pili ni la wenye fowili peke yao, na ndilo lililomfika shemeji. Ukizifungua habu, magurudumu ya mbele yanazunguka yenyewe tu, na shafti, difu ya mbele na propela yake vyote vinalala. Nikafungua habu zote mbili, nikampakia shemeji, tukaenda hadi Bunju na kurudi. Vuuuuu ileile. Difu iliyolala itakulaje meno? Shemeji akafikiri mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akasema labda imezoea.

Sivii joint nayo ikichoka haisemi vuuu. Inasema ta-ta-ta-ta, tena unapokata usukani hadi mwisho huku fowili ikivuta. Krosi ya propela hutoa kong' moja unapoachia klachi au unapoondoa mguu kwenye mafuta. Tairi ndiyo yenye ujanja, maana iliyolika vibaya huvuma vilevile, na imeshawauzia watu beringi nyingi wasizozihitaji. Lakini tairi hubadili sauti kila lami inapobadilika: kwenye lami laini inatulia, kwenye lami ya kokoto inapayuka. Beringi haina habari na lami. Ukibaki na shaka, zihamishie tairi za mbele nyuma, usikilize kama mlio umehama nazo. Nilizihamisha. Haukuhama, na jirani mstaafu akaacha kunisalimia kwa siku kadhaa.

Ikabaki kujua ni ya upande gani. Gari likikata kona, uzito wake hulalia upande wa nje. Ukikata kulia, gurudumu la kushoto ndilo linabeba mzigo, na kama beringi yake ni mbovu italalamika zaidi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ndani ya kipilefti unakata kulia muda wote. Sioni mahali pazuri zaidi pa kusikiliza beringi katika mkoa mzima. Nikaingia, nikazunguka: mlio ukafifia. Nikazunguka tena kuhakikisha, na tena kwa sababu lori lilinipigia honi wakati nasikiliza. Trafiki akatoka chini ya mwembe, akanyoosha mkono.

"Mzee, unatafuta nini humu?"

"Mlio, afande."

"Umeupata?"

"Uko kulia."

Akalizunguka gari hadi upande wa kulia, akaipiga tairi teke, akanirudia dirishani na leseni yangu mkononi. "Hii siyo beringi," akasema. "Hii ni shokapu."

Sikubishana naye. Nilikwenda na mke wangu na shemeji Magomeni kwa mzee mmoja ambaye gereji yake haina bango, ina mkungu tu na benchi, na vijana wake wanamwita Babu. Babu hakuuliza nimeambiwa nini na nani. Alipeleka kiganja kwenye habu ya kushoto, akahamia ya kulia, akakitoa haraka. Ya kulia ilikuwa ya moto. Hilo peke yake halitoshi, maana breki inayoshika nayo huunguza, kwa hiyo akaita jeki. Tairi ilipokuwa hewani akaishika juu na chini, akaisukuma huku akiivuta. Kik, kik. Ina pleyi. Akaishika kushoto na kulia, kuangalia tairodi. Pleyi ikawa ileile, haikuongezeka. Kisha akamwomba Mama Neema aingie kwenye gari akanyage breki, akaitikisa tena juu na chini. Kimya.

Hapo ndipo mafundi wa mabango wanaponiudhi zaidi, kwa sababu hilo la mguu kwenye breki halina gharama hata ya shilingi. Breki ikikanyagwa, diski hubanwa, habu na kipande kinachoibeba vikawa kitu kimoja. Pleyi ikipotea, ilikuwa ya beringi ya gurudumu. Ikiendelea, kafungue kingpini. Babu akazungusha tairi kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka juu ya springi, macho yakiwa mbali. Kuna mikwaruzo ambayo sikio haliipati lakini vidole vinaipata, na hiyo ndiyo humkamata yule mgonjwa mwingine, beringi inayovuma bila kuwa na pleyi hata kidogo.

"Mama," Babu akasema bila kugeuka, "breki ya kwanza ilikuwa inazama?"

"Nilisema," Mama Neema akajibu.

Habu ikiyumba, diski nayo huyumba na kuzisukuma pedi nyuma, na unapokanyaga mara ya kwanza unakuwa unazirudisha tu mahali pake. Mama Neema akamgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anasoma simu iliyozimwa.

Habu ilipofunguliwa, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji. Njia ya shambani ina korongo ambalo wakati wa masika linakuwa mto. Unafika pale habu zikiwa za moto, unaingia kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili iliyochakaa. Kwa nje huoni chochote. Ndiyo maana anayevuka maji ya kina anatakiwa kufungua habu na kubadilisha grisi, kazi ambayo kila mtu hukubali ni muhimu na kila mtu humwachia mwenye gari anayefuata.

Lakini maji hayakuwa na kosa peke yao. Nati ya habu ilikuwa na makovu pande zote. Hapo alishapita fundi wa tindo. Na beringi ya humo haitaki tindo. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis kule Marekani, alipata hataza ya beringi ya roli za koni, inayobeba uzito wa gari na msukumo wa kona kwa pamoja. Mpaka leo pikapu kama yangu zinatembelea wazo hilo. Sharti lake ni moja, ikazwe kwa kipimo. Ikilegea itacheza, ikibanwa mno itaungua. Spana yake ipo, ni soketi ya milimita 54, na haina miujiza. Ila fundi wa tindo anaweka ncha kwenye pembe ya nati, anagonga kwa nyundo, anazungusha tairi, anasema "safi," na kila pigo linamwaga vumbi la chuma kwenye grisi aliyoipaka sasa hivi. Ukimuuliza kipimo, anakwambia mkono umeshazoea.

Babu alikaza nati kwa nguvu kwanza, akaizungusha habu huku na huku ili roli zikae sawa, akalegeza, akakaza tena taratibu. Halafu akamtuma kijana kwa muuza samaki wa jirani kuazima mizani ya kuning'iniza. Akaitundika kwenye bolti ya gurudumu, akavuta kwa pembeni, akaangalia mshale habu inapoanza kuzunguka: kati ya kilo 3 na 5. Ndipo akaweka bati la kufungia, nati ya pili juu yake, akakunja sikio moja la bati ndani na lingine nje. Muuza samaki alikuja mwenyewe kudai mizani yake, akasimama kutazama, akasema gari lake aliwahi kutengenezewa bila kupimwa na linatembea vizuri tu. Hakuna aliyemuuliza.

Nimeruka habari ya Gerezani, Kariakoo, nilikokwenda kununua beringi, kwa sababu nikiikumbuka presha inapanda. Duka la kwanza lilinitolea boksi zuri, karatasi ya kung'aa, na jina la Japani limeandikwa likiwa limepungukiwa herufi. Nikamwonyesha muuzaji. Akalitazama boksi, akanitazama mimi. "Kwani mzee unafunga beringi au unafunga boksi?" La pili walitaka kuniuzia koni peke yake, nitumie kikombe cha zamani kilichojaa vishimo ili niokoe hela. Koni mpya kwenye kikombe kilichokufa inakufa na yenyewe, hilo hata shemeji analijua. Nilipopata seti kamili inayoeleweka, na sili zake, jua lilikuwa limeshazama na pikapu imelala Magomeni ikiwa na magurudumu matatu.

Babu aliponirudishia funguo, nikaomba na beringi ya zamani. Kijana wake mmoja akashtuka waziwazi. Alikuwa ameshaiosha kwa dizeli, iko kwenye kitambaa, inameremeta kuliko niliyoinunua. Nikaazima grainda, nikaikwangua alama tatu ubavuni, nzito, za kuonekana kwa macho ya mzee, ndipo nikamrudishia aende nayo. Kariakoo nakwenda kila mwezi. Siku nikiikuta ndani ya boksi jipya, tutajuana.