Jinsi ya Kumtibu Mzee Anayehema Mezani

Katika nyumba nyingi za Milimani, Kisumu, yupo mzee ambaye hahesabiwi wakati wa sensa. Makao yake ni pembe ya meza ya kulia, karibu na soketi. Amechubuka ubavuni, herufi mbili tatu zimefutika kwenye vitufe, na ikifika saa nane mchana anaanza kuhema kwa kelele mpaka walio sebuleni wanaongeza sauti ya runinga. Ukimgusa, vidole vinarudi vyenyewe. Ukimwomba afungue barua pepe moja, una muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe.

Ndiye kipakatalishi cha nyumba, huyo. Alinunuliwa mtoto alipoingia Chuo Kikuu cha Maseno, au alikuja na mitumba baada ya kustaafishwa katika ofisi fulani ya Uingereza. Amebeba ripoti za chama, picha za harusi, hesabu za kodi na kazi za shule za kitinda mimba. Na sasa baraza la familia limekaa likaamua kwamba amezeeka, atupwe.

Hapana. Mzee hatupwi kwa sababu anahema. Mwongozo huu ni wa kumrudishia pumzi, nami naushikilia neno kwa neno: mashine nyingi zinazohukumiwa kwa uzee zinaugua joto, vumbi na diski iliyochoka, na yote matatu yana dawa.

Kwanza tuzikusanye tiba za nyumbani tuzifungie kabatini. Mzee hapigwi makofi. Ndani yake huenda mna diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake sindano inayosoma ikiwa karibu kuigusa. Kofi la hasira linaweza kuikwaruza, na picha za harusi zikaenda na kofi hilo. Mzee haingizwi kwenye friji pia. Friji ni ya mbuta. Hewa ya Kisumu ina unyevu wa ziwa, na chombo kilichopoa kikitolewa kwenye hewa hiyo kinatokwa jasho ndani na nje. Maji na stima havijawahi kupatana, na mzee hatakuwa msuluhishi wao. Kitambaa kilicholowa nacho kiache jikoni.

Halafu kuna suala la kitanda. Vipakatalishi vingi huvuta hewa kwa tumbo na kuitoa ubavuni au mgongoni. Ukimlaza juu ya blanketi umemziba pua, kisha unashangaa anakoroma. Mpe kitu kigumu: meza, ubao, sinia, hata kile kitabu kinene cha mawaidha ya ndoa ambacho hakijafunguliwa tangu siku ya ndoa, mradi matundu yasizibwe. Weka vizibo viwili vya soda chini ya miguu yake ya nyuma. Mwanya huo mdogo unapitisha hewa nyingi kuliko ungedhani, na mara nyingi hiyo peke yake inampunguzia nyuzi kadhaa za joto kabla hujagusa bisibisi.

Sasa tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Prosesa, ile chembe inayofikiri, hutoa joto kila inapofanya kazi. Joto hupita kwenye bomba bapa la shaba hadi kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa safu safu, na feni huvipuliza. Njia hiyo ikiziba, joto halina pa kwenda. Prosesa nyingi za Intel za vipakatalishi zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Basi kuhema na kuchelewa ni ugonjwa mmoja. Anayelalamika kwamba mashine ni ya moto na pia ni nzito amelalamika jambo moja mara mbili.

Na hapa kwetu huyu mzee ana haki ya kuhema kuliko ndugu zake. Aliyezoea ofisi ya Manchester alikuwa akivuta hewa ya nyuzi 18 au 20. Milimani mchana anavuta ya 29 au 30, karibu mwaka mzima. Tena jiji limekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Watu wa Mombasa wana joto na chumvi, hayo ni yao wajitetee wenyewe.

Ongeza wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao hupanda kutoka majini kwa mamilioni, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakasimama angani kwa nguzo nyeusi na kisha upepo ukawaleta nchi kavu. Wanapenda mwanga. Mtu anafungua dirisha saa mbili usiku ili apate upepo, anawasha kioo ang'avu chumbani, na anajiuliza kwa nini wageni wamekuja. Wengine wanavutwa moja kwa moja kwenye matundu ya feni. Humo wanakutana na vumbi la Ring Road na mvuke wa mafuta ya kukaangia omena, na vitu hivyo vitatu vikishikana vinatengeneza mkeka mnene mbele ya vile vibati. Wakati wa wadudu hao funga dirisha, au funga mzee. Jikoni asikanyage kabisa.

Mkeka huo ndio adui, na hapa naomba usikilize vizuri maana ndipo wengi wanapokosea. Mtu anafungua mgongo wa mashine, anaona feni, anaifuta ikang'aa, anafunga na kutangaza ushindi. Mkeka hauko kwenye feni. Uko nyuma yake, kati ya feni na vibati, mahali usipoonekana mpaka feni yenyewe iinuliwe. Ukiutoa mzima mzima, utamwomba mzee msamaha kwa sauti.

Utaratibu ni huu. Kabla ya yote, nakili kila kitu unachokipenda kwenye diski ya nje, maana mgonjwa huandika wosia kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Zima mashine kabisa. Kuifunika tu siyo kuzima. Chomoa chaja. Chora umbo la mashine kwenye karatasi na kila skrubu uitoayo iweke juu ya mchoro mahali ilipotoka, kwa kuwa skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa ubao kwa ndani. Mgongo ukishafunguka, chomoa betri kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kisha, na hili usilisahau, zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno unapopuliza. Feni ikiachwa izungushwe na upepo wa bloa inaharibu mhimili wake na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Puliza kwa mipasuo mifupi. Brashi laini humaliza yaliyobaki.

Ukiwa umefika hapo, angalia themo pesti, ule ute wa kijivu kati ya prosesa na shaba. Kwa mashine ya miaka saba au minane mara nyingi umekauka na kupasuka, na joto halivuki tena sawasawa. Futa wa zamani kwa kitambaa safi na spiriti kali, uache pakauke, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Punje moja. Wapo wanaopaka siagi ya mkate wa Krismasi, na wa namna hiyo wasiachiwe kopo. Skrubu za bomba la shaba zikaze kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake, kidogo kidogo kwa mshazari, ili prosesa isikandamizwe upande mmoja.

Kama mikono inakutetemeka, nenda mjini kwa fundi, na hakuna aibu katika hilo. Mafundi wa Kisumu ni hodari. Wengi walijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kuzifufua, na elimu hiyo haina vyeti vya kutundika ukutani. Lakini mpeleke mzee wako kama mtu unayemjali, ukae naye. Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Mama, hii imechoka. Nikutafutie ingine, ex-UK safi kabisa?"

"Asante, fundi. Kwanza ifungue nione ndani."

"Ndani ni vumbi tu, mama."

"Basi tuanze na hilo vumbi."

Ukisema hivyo, umeshinda nusu ya vita. Omba kipande chochote cha zamani kitakachobadilishwa, urudi nacho mkononi. Neno la siri usimwandikie mtu kwenye karatasi; kaa, liandike mwenyewe linapohitajika.

Mzee akishapoa, pima kasi yake upya. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie nani anakula. Ukiona diski imekaa kwenye asilimia 100 huku hujafungua chochote, umempata mwizi. Diski ya kuzunguka ndiyo sababu kubwa ya uzito wa mashine za zamani: sindano inakimbia huku na kule ikitafuta vipande vya faili, na kila mbio ni kusubiri. Ing'oe, weka SSD ya inchi 2.5 mahali palepale. Haina kinachozunguka, haitoi joto jingi, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka sasa itawaka kabla hujavuta kiti vizuri. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Cha pili ni kumbukumbu: RAM ya GB 4 iwe 8, endapo ubao unaruhusu, mashine nyembamba nyingine zimegandishiwa RAM yao kiwandani, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa.

Yaliyobaki hayana gharama. Zima programu zinazojiwasha pamoja na mashine bila kualikwa. Ukiwa na programu mbili za kupambana na virusi, moja iage, kwa sababu zinachunguzana usiku na mchana na mzee ndiye anayeumia. Diski isijazwe pomoni. Iachie walau sehemu moja ya kumi ipumue. Na vile vichupo 40 vya kivinjari ulivyofungua ili "usome baadaye", baadaye imeshafika, visome au vifunge.

Kuna pigo lililowavunja wazee wengi moyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10, na Windows 11 kwa kanuni zake inakataa prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, zile za kabla ya Agosti 2017. Mashine inayofanya kazi vizuri imeambiwa haitakiwi. Jibu langu ni Linux Mint. Ni ya bure, inaridhika na RAM ya GB 4, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Kwa kuandika, kuvinjari, mikutano ya video na hesabu za chama inatosha. Kama kuna programu ya kazini isiyokubali ila Windows, mzee huyo atahitaji mpango mwingine, na heri ujue mapema.

Jirani atasema unapoteza muda, nunua mpya yaishe. Mwonyeshe bandari. Meli ya MV Uhuru iliundwa miaka ya 1960, ikakaa Kisumu bila kazi miaka mingi, kisha ikakarabatiwa na mwaka 2019 ikarudi majini, ikabeba mafuta kwenda Uganda. Wapo waliokuwa wameiandika kwenye hesabu ya chuma chakavu. Jiji lililofufua meli haliwezi kushindwa na feni ndogo kuliko kiganja.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya kinachofuata baada ya neno "tupa". Umoja wa Mataifa ulikadiria taka za kielektroniki za dunia kuwa tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka huohuo, na ni hatua njema, ila anayepumua moshi wa nyaya zinazochomwa ili shaba ipatikane ni kijana wa kuokota vyuma, na huyo hajaisoma. Sisi tuliokaa Kisumu enzi za jaa la Kachok tunajua harufu ya kitu kilichoachwa kiwe shida ya mwingine.

Ipo siku tiba zitagonga mwamba. Betri ikivimba mpaka kifuniko kinainuka, acha kuitumia siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji, mpe fundi aitoe. Mashine nyingi hufanya kazi bila betri, zikiwa kwenye chaja tu, ilimradi ukumbuke kuhifadhi kazi kabla stima haijapotea. Ubao ukifa kabisa, toa diski ubaki nayo, maana ndimo yalimo majina yenu wote. Kioo, RAM, feni na vitufe muuzie au mpe fundi. Kuna mzee mwingine Nyalenda au Kondele anayengoja kiungo kimoja tu. Chaja usimpe mtu mpaka umesoma volti zilizoandikwa chini yake na kuzilinganisha na za mashine yake.