Samaki wa Tobiti

Hatua saba za kushirikishana Neno zilibuniwa na taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini, na naamini waliozibuni hawakuwahi kukaa jioni ya Juni kwenye sebule ya mtu huku Pito, Ufipa. Wangekaa, hatua ya nne, ile ya ukimya, wangeifuta palepale.

Huku kwetu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, jua likizama kila mtu anatafuta moto. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana Nairobi miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogondogo, zamu ya kukutana inazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba anajua fika kwamba watu watalisahau somo ila jiko lake watalikumbuka. Ukipiga hodi unasogezewa kigoda kabla hujasema umefuata nini.

Ndivyo alivyonaswa fundi baiskeli, Mmoraviani, aliyekuja kumdai mwanajumuiya mmoja pesa ya kuziba pancha. Mama mwenyekiti akamketisha karibu na moto. "Baba, Biblia si unayo? Mtume mtoto akuletee." Ikaletwa. Katekista akatangaza: Tobiti, sura ya 6.

Biblia yetu Wakatoliki ina vitabu 73. Ya fundi ina 66, na Tobiti hayumo. Hakuna aliyemwambia. Akafungua Nehemia, akafunua: Esta. Akarudi nyuma. Nehemia, Esta. Akalamba kidole, akidhani karatasi zimegandana kwa baridi. Kisha akamgeukia mwanawe taratibu, na mtoto akajitetea kabla hajaulizwa: "Baba, mimi sijachana!"

Bibi mmoja akamhurumia. "Shika yangu, mwanangu, mimi nasikiliza." Akafumba macho, akasikiliza mdomo wazi.

Tukasoma. Tobia yuko safarini na malaika asiyemjua kuwa ni malaika, mbwa anawafuata, wanafika mtoni, samaki mkubwa anamrukia kijana. Hatua ya tatu kila mtu anataja neno lililomgusa, mara tatu, bila maelezo. Katekista alikuwa anangoja malaika. Mjukuu wa mwenye nyumba akasema, "Samaki. Samaki. Samaki," uso ameuelekeza jikoni, ambako migebuka ya Ziwa Tanganyika ilikuwa ikikaangwa tangu hatua ya kwanza. Aliyefuata naye: samaki. Wa tatu, mwalimu mstaafu, mtu mzito asiyependa mzaha, akakohoa, akachagua nyongo. Ya samaki.

Ukimya ukaingia, na hapo ndipo mafuta yalipozidi kusikika. Bibi akakoroma. Simu ya mtu ikaita kwa wimbo wa harusi, akaizima, ikaita tena. Mbwa wa nyumbani, aliyekuwa amelala mlangoni jioni nzima kama mzee wa baraza, akainuka bila haraka na kuingia jikoni. Sinia likaanguka. Mara huyo, anakatiza katikati yetu, mgebuka mdomoni, mafuta yanadondokea kitabu cha mahudhurio, na nyuma yake mama mwenye nyumba na mwiko, akimwita majina yasiyopatikana katika vitabu vyote 73. Nusu ya jumuiya ikatoka mbio kumsaidia.

Fundi, ambaye sasa alikuwa anafuatilia somo kuliko sisi sote, akauliza kwa adabu kama yule mbwa wa kwenye kitabu naye alipata kipande. Katekista akapekua. Samaki alichomwa, akaliwa, aliyebaki akatiwa chumvi. Mbwa hakutajwa.

Hatua ya sita, ya kuamua tutatenda nini, ilikwisha upesi kwa sababu ugali ulikuwa unapoa: mzigo wa kuni upelekwe kwa mgonjwa, na baiskeli ya kuubebea akaitoa fundi. Alipomtafuta mdaiwa wake, kiti kilikuwa kitupu. Wenzake walirudi kutoka kumkimbiza mbwa, yeye hakurudi.

Mama mwenyekiti akasoma ratiba. Wiki ijayo zamu ni ya huyohuyo mdaiwa. Fundi akasema atakuja mapema, na Biblia ataazima.