Embe Halina Zamu

Mtendeni, hapa Tabora, tulikuwa na baraza la bao chini ya mwembe. Lilikuwa na magogo mawili, benchi lenye miguu mitatu na tofali, na ubao wa mninga wenye mashimo 32. Sasa pamesimama fremu za maduka, na mwembe umekuwa mkaa. Wanaojua mkaa wanasema ulikuwa mzuri sana. Mimi nilikataa kuununua, nikala ugali baridi siku hiyo.

Wazee walidai mti ule ulitokana na kokwa iliyotupwa na mpagazi, enzi Wanyamwezi wakibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Huenda. Tembe la Kwihara, jirani tu na mji, alimokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, leo ni makumbusho. Yule alikaa miezi. Wapo wazee wetu waliokaa chini ya mwembe ule tangu wakiwa na meno yote, na hakuna aliyewawekea hata kibao cha bati.

Mwalimu Nyerere, ambaye ujanani alisoma hapa Tabora, alipenda sana bao. Kwa hiyo pale barazani kila mzee alikuwa na baba, mjomba au jirani aliyemfundisha Mwalimu kucheza. Ukijumlisha walimu wake wote, unajiuliza shuleni alikuwa akienda saa ngapi.

Shida yetu kubwa ilikuwa msimu wa embe. Desemba moja babu mmoja alikuwa amelinda nyumba yake, lile shimo kuu ubaoni, tangu adhuhuri, kete zimejaa, anasubiri zamu aicheze. Embe likadondoka katikati ya ubao. Kete zikaruka hadi barabarani, na mbuzi wa jirani akazinusa kwa makini ya mkaguzi.

"Nilikuwa nimeshinda!" babu akalia.

"Umeshinda nini, mzee mwenzangu? Hujacheza!"

Shauri likapelekwa kwa mzee wa baraza. Akakuna kidevu, akatazama juu mtini, kisha akahukumu: embe halina zamu, mchezo uanze upya. Babu akalila lile embe kwa hasira, maganda na yote, asimgawie mtu.

Lakini aibu iliyovuka mipaka ya mtaa ni ya komwe, zile mbegu ngumu zilizokuwa kete zetu. Jioni moja shemeji yangu alipewa kete zote azitunze, akazitia katika mfuko wa rambo na kuuacha jikoni kwake. Mama mkwe wake, aliyekuwa mgeni na mwenye macho ya jioni, akazimimina chunguni pamoja na maharage. Moto ukawaka, maji yakaongezwa, mkaa ukaisha. Maharage yakarojeka, komwe, zikiwa komwe, hazikushtuka. Saa tatu usiku mama mkwe akauliza kwa upole, "Baba, maharage haya umenunua wapi?" Tangu siku hiyo kete zetu zilinukia kitunguu, na tukazoea.

Simlaumu mwenye kiwanja. Kiwanja ni chake, na ada za shule hazilipwi kwa kivuli. Ninacholilia ni kwamba pale mtu alikaa bila kununua kitu. Mwalimu mstaafu alikaa na kijana wa bodaboda, mdai akakaa na mdaiwa wake, na sheria ilikuwa deni halitajwi mpaka mchezo uishe. Ndiyo maana jamaa mmoja alikuwa akifikiria hatua moja mpaka adhana ya magharibi.

Tulijaribu kuhamia ukumbini mwa fremu. Muuza simu akatuvumilia kidogo, kisha akaanza kumwagia maji sakafu kila tulipoketi. Kijana mmoja akatushauri tucheze kwenye simu. Babu wa embe akajaribu, akalalamika kwamba simu haibishani wala haibembelezi, na ukishindwa hakuna wa kumsingizia kuwa kaiba kete.

Basi kama una uwanja wenye kivuli, Mtendeni au hata ng'ambo ya reli, tuite. Ubao tunao, na komwe zimebaki 63. Ya 64 tunaamini alikwenda nayo mama mkwe. Tutakuja na benchi letu. Tofali tu ndilo utupatie.