Kamera Inashika Lita Ngapi?

Tangi la lita 5,000 na kamera ya mtumba yenye lenzi moja vilikuwa bei moja, Sh35,000, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kamera ingekuwa ghali zaidi, mke wangu angecheka, mimi ningenung'unika, tungelala.

Tunaishi Makwasinyi, chini ya Kasigau. Mlima huo una mita 1,641, na kila asubuhi nikifungua mlango naukuta umenisimamia kama mdai. Upepo wa baharini huubebea ukungu, ukungu hukaa juu ya ule msitu wa kileleni, na huku chini ardhi ya Tsavo inawaka wekundu mpaka macho yachoke. Nikipiga kwa simu, vyote vinatoka rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

Basi nikazichunguza kamera miezi mitatu, kwa bidii ambayo sikuitumia kuchunguza ukoo wa wakwe zangu. Roho ilitaka ile yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukubwa ule ule wa picha za filamu ya zamani. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi, na alfajiri mwanga ni haba. Ila kamera ya aina hiyo pamoja na lenzi nzuri hukaribia kilo mbili. Mama, aliyekuwa kwenye mkeka akisuka kikapu chake cha mkonge, akauliza bila kuinua kichwa:

"Kilo mbili si pakiti ya unga hiyo? Mwanangu, utapanda mlima na unga?"

Nikashuka hadi sensa ndogo, na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Kwenye sensa hiyo, 18 huona kama 27 ya ile kubwa, upana unaotosha mlima ulio karibu hivi. Wengi huanza kwa kutamani lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Mlima haukimbii, utaivutia nini?

Pesa ya tangi nilipewa mimi niipeleke Voi, nayo ilikuwa ya mke wangu, ya zamu yake ya chama. Nilishuka Maungu, nikadandia matatu nyingine, na kabla ya kufika dukani nikakutana na jamaa anayeuza kamera. Sina la kujitetea. Nilirudi nyumbani jioni nikasema tangi litaletwa na lori.

"Lori la nani?"

"La dukani."

"Sawa, baba watoto."

Mke wangu akisema "sawa" kwa sauti ile, hata mbuzi hunyamaza.

Pesa ya mkoba wa kamera haikubaki, kwa hiyo niliificha kamera ndani ya kikapu kimoja cha mama, chini ya mtandio, nikakitundika nyuma ya mlango. Wiki mbili lori likawa njiani. Kisha, usiku mmoja wa Novemba, mvua ikashuka. Tukatoa sufuria, ndoo, karai, mitungi, hadi kikombe cha mtoto. Vyombo vilipokwisha na maji bado yanamwagika kutoka kwenye mabati, mke wangu akaja na kikapu mkononi, akafunua mtandio.

"Na hii," akauliza, "inashika lita ngapi?"

Asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa. Vumbi hakuna, vilima vya Sagalla vinaonekana kama vimechorwa kwa wembe. Nikataka kutoka saa kumi na moja alfajiri, maana wapiga picha wote wanasisitiza uwe umeshasimama mahali pako kabla jua halijachomoza. Wanaosema hivyo hawalali jirani na ndovu. Saa ile ya mwanga mzuri ndiyo saa ambayo ndovu wanatoka shambani kwetu wameshiba pojo. Mke wangu alikuwa amenikasirikia, lakini si kiasi cha kunitakia hilo. Akaegemea mlango mpaka kukapambazuka.

Nilipanda na mpwa wangu. Sikuwa na tripodi, nikaegemeza kamera juu ya mawe, nikafunga lenzi hadi f/11 ili jiwe la karibu na tambarare ya mbali vyote viwe vikali. Nilipiga picha kama 140. Kila nilipobonyeza, kioo cha nyuma kilinionyesha uzuri wa kutoa machozi.

Nyumbani nikawaita wote. Kioo kikawa cheusi. Kumbe kamera ile hukubali kupiga hata ikiwa haina memori kadi. Huonyesha picha kidogo, kisha huisahau. Kitundu cha kadi kilikuwa kitupu tangu Voi.

Hakuna aliyecheka, jambo lililokuwa baya zaidi. Mama akavuta uzi wa mkonge.

"Wazee wetu walihamishiwa Malindi na Waingereza mwaka 1915," akasema. "Mlima huu waliukumbuka bila betri."

Kadi nimeshanunua. Siku ya tatu walipita wageni wanaotafuta vikapu, na mmoja akakipenda kile cha nyuma ya mlango. Mama aliitoa kamera, akailaza juu ya ungo wa kunde, akauza kikapu. Pesa mke wangu ameziandika daftarini, ukurasa wa tangi. Nimemwomba mama kikapu kingine. Amesema niweke oda na nitangulize malipo.